Ngurumo wa Mkono wa Kushoto

Ninyi mnaobaki dukani mliniomba niwaandikie namna ya kumhudumia mteja. Nimejaribu, nikajikuta naandika juu ya gitaa la besi peke yake. Kinanda hujiuza chenyewe. Mtu akishabonyeza mlio wa kengele amekwisha kununua. Gitaa la solo huuzwa na majivuno ya anayelitaka. Besi ndiyo inayohitaji muuzaji, kwa sababu anayeingia kuitafuta mara nyingi hajui anataka kitu gani, ila anajua vizuri anataka kuwa nani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kutajwa.

Nilifika Kisumu kutoka Vihiga nikiwa msichana, nimeahidiwa kazi kwenye duka la vitambaa. Nilipofika, nafasi ilikuwa imepewa mpwa wa mtu. Tajiri wa duka la muziki la jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, akaniuliza kama najua kufuta vumbi. Nikasema najua. Huo ndio usaili wote niliofanya maishani.

Asubuhi ileile akaingia mzee mmoja aliyevaa kofia ya Kanisa, akaniamkia, akasema anataka besi. Nikamwambia asubiri. Nikaenda nyuma, nikachukua beseni la bluu la kudekia, nikalipangusa vizuri ndani na nje, nikamletea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani. Mzee aliliangalia, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole, "Sasa hii, nyuzi zake ziko wapi?"

Nilisikia mtu akicheka chumba cha nyuma mpaka akakohoa. Huyo alikuwa Fundi Ochola, mtengenezaji wa magitaa, ambaye wengine wenu mmemkuta amezeeka na kupunguza maneno. Wakati ule maneno alikuwa nayo tele. Kuanzia siku hiyo akaniita Nyar Beseni, yaani binti wa beseni. Nilipoolewa na kuzaa, wateja wakalifupisha, nikawa Mama Besi. Watu wengi hudhani ni jina la heshima, nami sikuwahi kuwasahihisha.

Jioni ya siku hiyo Ochola aliniita nyuma. Akaniwekea besi mapajani, haikuunganishwa na umeme, akaniambia niegemeze taya langu kwenye ile pembe ya juu ya mbao. Kisha akapiga uzi mnene kwa kidole gumba. Sauti haikuingia masikioni. Iliingia kwenye meno, ikashuka shingoni, ikakaa kifuani. Akanipa nyingine, nikaegemeza taya, akapiga, na safari hii ikawa kama kugonga meza tu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Hii ya pili imekufa."

"Na gani iko na rangi nzuri?"

Ya pili ndiyo iliyokuwa inang'aa, nyekundu, na maua ya dhahabu pembeni. Ochola akaniambia, "Sasa wewe umekwisha kujua kazi. Kinachobaki ni kuzuia watu wasitumie macho."

Hapo ndipo ilipoanzia ile desturi yetu ya Ukutani. Mteja wa besi akiingia, tulimpa stuli, tukamgeuza auelekee ukuta, halafu Ochola anamletea besi moja baada ya nyingine kutoka nyuma ya mgongo wake. Anashika, anaegemeza taya, anapiga, anarudisha bila kugeuka. Akisema "hii hapa," ndipo anaruhusiwa kuiona. Wapita njia walituchungulia dirishani wakidhani tunawaadhibu wateja. Mama mmoja muuza ndizi aliwahi kuingia kumwombea msamaha mteja wetu, akisema hata kama ameiba ni mtu mzima, aonewe huruma.

Desturi hiyo ilihitajika kwa sababu ya watu maarufu. Kila kipindi kilikuwa na wake, na kila mmoja alituletea shida ya namna yake. Nilipoanza kazi alikuwa Mkongo mmoja wa rumba aliyepiga besi nyeupe isiyo na kichwa, yaani shingo imeishia tu pale, kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Vijana wa Kisumu wote wakaitaka. Tajiri akaagiza chache. Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Pap Onditi alikuja kuichukua, akakataa katakata kukaa Ukutani, akasema yeye amekwisha kuichagua kutoka kwenye jalada la kaseti. Ochola akamwonyesha nyuzi zake, jinsi zilivyo na vifundo pande zote mbili, si upande mmoja kama za kawaida.

"Bwana, uzi ikikatika hapo Pap Onditi, utaenda Kinshasa?"

Mkulima akafikiri, kisha akasema kuna mjomba wake anayefanya biashara mpakani. Akanunua. Uzi ulikatika, na mjomba hakuonekana. Besi ile ilimalizia maisha yake ikining'inia sebuleni, na nasikia ilipendeza.

Baadaye zikaja besi za nyuzi sita, kwa sababu ya wapigaji wa nyimbo za injili wa ng'ambo. Makanisa yakaanza kushindana kwa idadi ya nyuzi kama yalivyoshindana kwa ukubwa wa spika. Mwanafunzi mmoja wa Maseno, mwembamba sana, alikuja na barua ya kwaya inayomruhusu kuchukua ya nyuzi sita. Shingo ya besi hiyo ilikuwa pana kama ubao wa kukatia mboga, na vidole vya kijana havikuweza kuizunguka. Tukamkalisha Ukutani. Akachagua ya nyuzi nne. Alipogeuka na kuiona, uso ulimshuka.

"Sasa nitawaambia nini kwaya?"

"Waambie nyuzi mbili zilikuwa za jirani, amezichukua," Ochola akamjibu.

Niwape na la kazi hapa, kabla sijasahau. Unyevu wa ziwa hupinda shingo za besi, hasa mvua ndefu zikianza. Mteja akirudi akilalamika nyuzi zinagonga, msimuuzie nyuzi mpya. Legezeni kwanza au kazeni kile chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko tu, halafu mwacheni akanywe chai arudi. Na wale wadudu wa ziwa wakija kwa mawingu, funikeni amplifaya zote kwa shuka. Nimefungua amplifaya nikakuta wamejaa humo kama unga wa wimbi.

Sasa nifike kwa Ngurumo, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Oyugi Ngurumo alikuja dukani kabla hajawa na jina, wakati anapigia bendi ndogo ya muziki wa benga kwenye harusi na matanga. Alikaa Ukutani bila kubishana. Alichagua besi ya kahawia iliyopasuka rangi, mbaya kuliko zote tulizokuwa nazo, nasi tulikuwa tumeiweka kwenye safu kwa kujaza tu. Alipogeuka akaiona, alicheka, akasema, "Huyu tunafanana." Akaondoka nayo.

Mnajua besi ya benga. Haikai nyuma ikitikisa kichwa. Inabishana na solo kama wake wenza, huyu akisema moja yule ana mawili. Ngurumo aliifanya ibishane na kushinda. Nyimbo zao zikatoka, zikavuka ziwa mpaka Tanzania na Uganda, na ghafla kila mtu akataka besi ya kahawia. Walioletewa nyekundu waliomba zipakwe rangi. Ochola alikataa kushika brashi kwa wiki nzima, kisha akashika, kwa sababu hata fundi hula.

Baada ya miaka mingi, karibu na mwisho wa kazi yangu, ndipo yalipoanza maajabu. Kijana wa bodaboda aliingia akauliza kama tuna besi ya kushoto.

"Ya kushoto ya nini?"

"Ya Ngurumo, Mama. Si anapiganga na kushoto?"

Nikamwambia Ngurumo namjua, anakula kwa mkono wa kulia na besi zote alizojaribu hapa ni za kulia. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, wewe ni wa kitambo. Iko kwa video." Siku ya pili wakaja wengine wawili. Wiki iliyofuata, kwaya nzima. Habari ilikuwa imeenea kote Seme kwamba siri ya mshindo wa Ngurumo ni mkono wa kushoto, na kwamba alikuwa akiificha.

Ochola alivaa miwani, akaiomba simu ya kijana mmoja, akaitazama video kwa muda mrefu. Ngurumo alikuwa anapiga kwa kushoto kweli. Hata mimi nilishtuka. Nyuma yake, juu ya jukwaa, kulikuwa na bango kubwa.

"Hii AGNUD ni wapi?" Ochola akauliza. "Ni Kongo?"

Mimi nikaanza kucheka kabla yao. Ilikuwa Dunga, hapahapa kwetu, imesomwa kinyumenyume. Kijana akatueleza kwa aibu kwamba wanaoiba video huzigeuza kama kwenye kioo, ili mitambo isizitambue na kuzifuta. Walimgeuza Ngurumo, na mashabiki wakageuka naye. Wengi walirudi kwenye besi za kulia siku hiyohiyo, wakituomba tusimwambie mtu. Nimetunza siri yao mpaka leo.

Mmoja hakuweza kurudi. Alikuwa Achieng', mwanamke wa makamo anayeuza mitumba ya watoto Kombewa. Aliingia Jumatano moja, wiki yangu ya mwisho kazini, akakaa Ukutani bila kuambiwa maana alishasikia habari zetu. Ochola akampa besi. Akaigeuza shingo ikaelekea kulia. Nyuzi zikiwa zimepinduka vile, nyembamba juu na nene chini, hakuweza kupiga kitu, akarudisha kwa heshima.

"Hamna ya kushoto?"

Nikamweleza habari za video. Nilieleza kwa kicheko, kama nilivyowaeleza wengine, nikaona hacheki. Alikuwa amejifunzia kwenye ile video miaka kadhaa, kabla habari haijaenea, kwa besi ya kanisa lao aliyoigeuza nyuzi mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuipiga. Sasa kanisa limepata mpigaji mpya, wa kulia, na besi imerudishwa ilivyokuwa.

"Kwa hivyo mimi nimesoma kichwa chini, miguu juu," akasema.

"Nyathina, pole," Ochola akamwambia. Mwanangu, pole.

Basi akatueleza kilichomleta. Vidole vya Ngurumo vimekauka kwa baridi yabisi, hawezi tena kubeba onyesho zima. Bendi inatafuta mpigaji wa kushika nafasi yake. Majaribio ni Jumapili mchana, kwenye mgahawa wa samaki kando ya ziwa.

"Nikikosa nitarudi kwa mitumba, na mitumba si mbaya, inalisha watoto. Lakini hii ndiyo kitu moja nimewahi kutaka ya mimi mwenyewe. Sasa nifanye aje? Nianze kulia leo?"

Kisumu nzima haikuwa na besi ya mashoto. Ukiagiza Nairobi haifiki kabla ya Jumapili. Nilimtazama Ochola, naye alikuwa anatazama vidole vya yule mama, jinsi vilivyokuwa vigumu nchani, kwa mkono wa kulia.

"Mkono haijui mambo ya video," akasema. "Mkono inajua tu kile imefanya. Mama Besi, mgeuze ukutani tena. Achague na taya tu, asipige wimbo. Mimi nitageuza besi, simgeuzi yeye."

Alichagua moja ya rangi ya maziwa, ya zamani, yenye pembe mbili zinazokaribia kulingana, na hilo lilitusaidia, maana besi yenye pembe moja fupi ukiigeuza inaanguka kichwa kwanza. Malipo walielewana na tajiri. Ochola akanituma kwa muuza nyama nikalete mfupa wa mguu wa ng'ombe. Kile kipande kidogo chenye mifereji kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, cha kulia hakifai kushoto. Uzi mnene hauingii mfereji wa uzi mwembamba. Ilibidi akichonge kipya kwa mfupa. Tuliuchemsha mfupa palepale dukani kwenye jiko la umeme. Siku mbili duka zima lilinukia mchuzi, na wateja walitazama huku na huku wakiuliza kama siku hizi tunauza supu. Tajiri alianza kukasirika, kisha akauliza kama imebaki.

Jumapili tulikwenda wote watatu, mimi, Ochola na Achieng'. Ngurumo alikuwa amekaa mbele ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, vidole vimejikunja. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza kama bado nauza mabeseni. Wanaume wawili walitangulia. Wote wawili walikuja na besi za kahawia, na walipiga wimbo mkubwa wa Ngurumo jinsi ulivyo, kila kipande mahali pake, hata pale alipokosea kwenye kanda walikosea vilevile. Watu walipiga makofi. Ngurumo alikuwa anatazama ziwa.

Achieng' alipopanda, mpiga gitaa la pili alilalamika papo hapo, kwa sababu shingo ya besi ya mama huyo ilielekea upande usio wa kawaida, ikawa karibu na uso wake. "Huyu mama atanitoboa macho, yawa!" Kiongozi wa bendi akaguna, akasema wajaribu tu haraka. Wakaanza wimbo uleule. Besi ikatoka vizuri, nzito, ya kutembea. Halafu ikapungua, ikapungua zaidi, ikapotea. Achieng' alikuwa anapiga kwa nguvu zote, na hakuna kilichosikika ila ngoma. Mtu nyuma yangu akacheka akasema ndiyo hayo ya kushoto.

Nilielewa upesi. Besi ikigeuzwa, vile vidude vya kuongezea sauti ambavyo huwa chini huja juu, chini ya mkono. Kila alipopiga, mkono wake ulikuwa unavizungusha na kujizima mwenyewe. Tulifikiria mfupa, tukafikiria mkanda, tukasahau hilo. Ochola hakungoja kuitwa. Alipanda jukwaani na koleo, akafungua sauti mpaka mwisho, akaving'oa vidude vyote, akavitia mfukoni.

"Besi haitaki kupunguzwa," akamwambia. "Endelea."

Akaendelea. Sitaweza kuwaeleza ilivyokuwa, nitawaeleza nilichoona. Ngurumo aliacha kutazama ziwa. Alikuwa ameketi mkabala na Achieng', na kwa kuwa yeye ni wa kulia na yule anapiga kushoto, walikuwa kama mtu na kioo chake. Mikono yake ikainuka polepole kutoka magotini, bila besi, ikaanza kufuata. Vidole vilivyokauka vikajaribu kukunjuka. Achieng' akisogea shingoni, naye anasogea hewani. Akitabasamu, naye anatabasamu. Nilimwona mzee yule anapiga benga tena mchana kweupe na hakuna kitu mikononi mwake, na nilitamani wimbo usiishe.

Kisha, wimbo ukiwa umekaribia mwisho, mikono ya Ngurumo ikasimama. Achieng' alikuwa amepita njia nyingine. Besi ilipanda mahali ambapo kwenye wimbo hushuka, ikaliuliza gitaa la solo swali, ikangoja, ikajijibu yenyewe kabla solo halijafungua mdomo. Mpiga ngoma alicheka kwa sauti. Ngurumo alibaki mikono iko hewani, hajui aipeleke wapi.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, maana kila mtu alikuwa anamtazama Ngurumo. Achieng' alidhani ameharibu. Nilimwona anaanza kuuvua mkanda.

"Ngoja, Nyar Kombewa," Ngurumo akasema. "Hapo mwisho. Mimi hapo sijawahi pita."

"Najua, Baba. Unisamehe. Hapo video ilikuwa imekatwa. Wenye waliiba hawakuweka mwisho."

"Na hiyo ingine ulitoa wapi?"

"Ilikuwa inaniuma kuacha wimbo bila mwisho. Nikatunga."

Ngurumo alishusha mikono yake, akaisugua taratibu, akamgeukia kiongozi wa bendi.

"Hawa wengine wamenipiga mimi. Na mimi niko, sijakufa. Huyu amepiga yake. Chukua huyu."

Achieng' alikaa chini palepale jukwaani, besi mapajani, akalia na kucheka kwa pamoja. Nami nililia, wala sikujificha.